Bunduki Hukaguliwa Kila Siku, Mwanagenzi Je?

Kila askari anajua maana ya ukaguzi. Bunduki hufunguliwa, mtutu ukatazamwa kwenye mwanga, na mwenye kutu katika silaha yake hujibu kabla jua halijapanda. Hakuna afande angojaye siku ya mapambano ndipo atazame kama bunduki za kikosi chake zinafyatuka. Lakini kijana anayefundishwa kazi, ambaye thamani yake yapita ya bunduki yoyote, mara nyingi huachwa mwaka mzima pasipo mtu kumwuliza amefika wapi. Akishindwa mtihani wa mwisho sote hushangaa, kana kwamba kushindwa kwake kulianza siku ile ya mtihani.

Leo twataka kulizungumza jambo hilo la kumtazama mwanagenzi kwa ratiba, na tumechagua kulitazama huko England, kwa sababu mbili. Kwanza, huko jambo hilo halikuachwa katika hiari ya mwalimu, bali limeandikwa katika kanuni za matumizi ya fedha za umma. Pili, miongoni mwa wanaobanwa na kanuni hizo wamo wanajeshi na polisi, watu ambao kazi yao na taabu zao zafanana na za wasomaji wetu. Tunasema England, wala si Uingereza nzima, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao wenyewe.

Uanagenzi si jambo jipya huko. Sheria ya mwaka 1563 iliamuru kwamba asifanye mtu kazi ya ufundi uliotajwa na sheria hiyo ila awe ametumika kwanza miaka 7 chini ya bwana fundi. Sehemu hiyo ya sheria iliendelea hadi mwaka 1814 ilipofutwa. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kosa ambalo lingali linatunyemelea hata leo: sheria ile ilihesabu miaka. Lakini miaka na maarifa ni vitu viwili mbalimbali. Nasi twamjua kijana wa gereji aliyekaa miaka mitatu akipokeza spana na kuosha vyuma kwa petroli, na siku alipoambiwa afungue injini peke yake, mikono ikatetemeka.

Majeshi ya Uingereza nayo yana historia ndefu katika jambo hili. Tangu mwaka 1922 hadi mwaka 1993 kambi ya Halton ilikuwa shule ya wanagenzi wa jeshi la anga, kwa mpango ulioanzishwa na Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi hilo wakati huo. Vijana wa miaka 15 na 16 walifundishwa ufundi wa ndege kwa miaka 3. Frank Whittle, ambaye baadaye alibuni injini ya ndege za jeti, aliingia jeshini mwaka 1923 akiwa mwanagenzi katika mpango huo huo, huko Cranwell. Jeshi la nchi kavu nalo lilifungua shule za namna hiyo, kama ile ya Arborfield mwaka 1939 na ile ya Harrogate mwaka 1947.

Shule hizo zilikuwa na faida moja ambayo twaomba msomaji aitie moyoni. Mwanagenzi, mwalimu wake na mkuu wake waliishi ndani ya ua mmoja. Mwalimu aliyemkosa kijana darasani asubuhi aliweza kumwona jioni kwenye gwaride, na mkuu aliyetaka kujua habari zake alivuka uwanja tu akauliza. Hali ya leo sivyo ilivyo. Mwanagenzi yuko kikosini au kituoni, mwalimu yuko chuoni mji mwingine, naye mwajiri ana ofisi yake mahali pa tatu. Watu watatu waliotawanyika hivyo hawakutani kwa bahati. Wasipopangiwa siku hawatakutana kabisa, na kila mmoja atadhani kwamba mwenziwe ndiye amwangaliaye kijana.

Sasa na tuitazame fedha yenyewe, kwa maana ndiko kanuni zilikotoka. Mnamo Aprili 2017 serikali ilianzisha tozo ya uanagenzi. Mwajiri ambaye mishahara yake yote kwa mwaka ilizidi pauni milioni 3 alitakiwa kutoa nusu ya asilimia moja ya mishahara hiyo. Hata idara za serikali hazikusamehewa, na polisi na Wizara ya Ulinzi wakaingia katika hesabu. Mwajiri haruhusiwi kuitumia fedha hiyo apendavyo, bali humlipia mwanagenzi mafunzo, nayo hupelekwa kwa chuo au shirika linalofundisha. Malipo hugawanywa kwa miezi: asilimia 80 hulipwa kidogo kidogo kadiri mafunzo yanavyoendelea, na asilimia 20 huzuiwa mpaka mwanagenzi amalize. Mwanagenzi mwenyewe hatozwi ada.

Msomaji mwangalifu ataiona hatari iliyojificha humo. Ikiwa mwezi ukipita fedha inaingia, mwalimu mvivu aweza kuiacha miezi ipite, huku mwanagenzi akikaa mahali pale pale. Tungekuwa tumerudi kwa sheria ya 1563, tofauti ikiwa kwamba badala ya kuhesabu miaka twahesabu miezi, na kila mwezi una bei yake. Wala hatari hiyo haikuwa ya kuwaziwa tu. Katika mwaka wa masomo wa 2021 hadi 2022, wanagenzi waliofaulu kumaliza England walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya wote waliotazamiwa kumaliza. Serikali iliona aibu, ikaweka shabaha ya kufikia asilimia 67.

Kwa hiyo, katika kanuni za fedha zilizoanza kutumika Agosti 2022, iliandikwa kwamba chuo kifanye kikao cha kukagua maendeleo ya kila mwanagenzi kwa uchache mara moja katika kila majuma 12, yaani mara 4 kwa mwaka. Kikao hicho ni cha watu watatu: mwanagenzi, mwajiri, na chuo. Wote watatu hutia saini, na karatasi huwekwa katika jalada la ushahidi ili wakaguzi wa hesabu waione. Kanuni hizi hutolewa upya kila mwaka mnamo Agosti, na maneno yake hurekebishwa mara kwa mara, hivyo afisa anayehusika hana budi kusoma zile za mwaka wa mwanagenzi wake. Hata wakala aliyesimamia fedha hizo tangu 2017 alivunjwa Machi 2025, na kazi yake ikarudishwa katika Wizara ya Elimu. Lakini shina la jambo ni lile lile: fedha ya umma isiendelee kutoka pasipo watu watatu kukaa pamoja na kuthibitisha kwamba kijana anasonga mbele.

Je, kikao hicho chazungumza nini? Kwanza, hutazamwa mpango wa mafunzo uliotiwa saini mwanzoni, na kuulizwa: kwa tarehe ya leo kijana alipaswa kuwa wapi, naye yuko wapi? Pili, huhesabiwa saa za mafunzo yaliyofanyika ndani ya muda wa kazi lakini nje ya kazi ya kila siku. Katika kanuni za Agosti 2022 kiwango cha chini kwa mwanagenzi wa muda wote kilikuwa wastani wa saa 6 kwa juma. Tangu Agosti 2025 kila fani imewekewa jumla ya saa zake. Tatu, huonyeshwa ushahidi wa kazi aliyoifanya. Nne, mwanagenzi hupewa nafasi ya kusema yanayomsumbua. Tano, huulizwa kama kuna mabadiliko, kama vile uhamisho, ugonjwa au mkuu mpya. Mwisho huandikwa nani atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Kikao kisichoacha kazi mikononi mwa mtu yeyote kilikuwa ni mazungumzo ya chai.

Tumefika sasa penye kiini cha maneno yetu, nacho ni ratiba. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwanagenzi alianza mafunzo Jumatatu, tarehe 5 Septemba 2022. Ukihesabu majuma 12, kikao cha kwanza kilipasa kufanyika kabla ya kupita tarehe 28 Novemba. Cha pili ni 20 Februari 2023, cha tatu 15 Mei, na cha nne 7 Agosti. Tarehe hizo nne zaweza kuandikwa katika kalenda siku ile ile anayoanza. Hiyo si kazi ya nusu saa.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyoharibika. Afisa mmoja asema, "Tutapanga tutakapokuwa na nafasi." Novemba kituo kina shughuli nyingi, kikao chasogezwa majuma mawili. Kisha cha pili chahesabiwa kuanzia pale kilipofanyika cha kwanza, nacho chasogezwa majuma mawili vile vile. Hakuna aliyefanya kosa kubwa, wala hakuna aliyekataa kukutana. Lakini katika mafunzo ya miaka 3, yenye majuma 156, vikao vya kila majuma 12 ni 13, na vya kila majuma 14 ni 11 tu. Vikao viwili vimemezwa na uchelewaji mdogo mdogo. Yaani karibu nusu mwaka mzima wa uangalizi umepotea, na hakuna awezaye kusema ni siku gani ulipotea.

Dawa yake ni nyepesi, na kila mpangaji wa zamu aijua. Kikomo kikiwa majuma 12, usipange kikao siku ya kikomo. Kipange katika juma la 10. Kwa mwanagenzi wetu wa mfano, siku hiyo ingekuwa Jumatatu, tarehe 14 Novemba 2022. Likitokea jambo la dharura siku ile, kuna majuma mawili ya kusogeza pasipo kuvunja kanuni. Askari apangaye kuwasili mahali saa kamili ya mashambulizi amekwisha kuchelewa, na apangaye mapitio siku ya mwisho ya kanuni ni ndugu yake.

Kwa polisi wa England jambo hili limekuwa gumu kuliko kwa wengi. Tangu mwaka 2018 kulikuwa na njia ya kuingia upolisi kwa uanagenzi wa miaka 3, ambapo konstebo mpya hufanya kazi na kusoma hadi kupata shahada ya chuo kikuu. Mkuu wa polisi wa Lincolnshire alipeleka shauri mahakamani kupinga mpango mpya wa mafunzo, akihofu kwamba masomo yangewaondoa askari wengi mno barabarani. Mahakama Kuu ililikataa shauri lake mwezi Desemba 2019. Kuanzia mwaka huo huo hadi Machi 2023 serikali ilikuwa ikiajiri polisi wapya 20,000 zaidi, na hivyo vituo vikajaa konstebo wageni wa kazi, huku makonstebo wazoefu wa kuwafundisha wakiwa haba. Mwaka 2024 ilifunguliwa njia nyingine isiyodai shahada, lakini shida ya zamu haikuondoka nayo.

Hatumlaumu mkuu yule, wala hatumsifu. Hofu yake twaielewa, kwa sababu mkuu wa kituo chochote duniani, simu inapolia usiku, humhesabu konstebo aliyeko darasani kuwa konstebo aliyepungua. Mwanagenzi wa polisi hufanya kazi usiku juma hili na mchana juma lijalo. Sajini wake naye ana zamu yake, na mwalimu wa chuo kikuu yuko ofisini mchana tu. Kuzikutanisha saa za watu watatu wa namna hiyo ni kazi ya kupangwa mapema, kabla orodha ya zamu haijabandikwa ukutani. Orodha ikishabandikwa, kikao huwa ni cha kuomba ruhusa, na chenye kuomba ruhusa ndicho cha kwanza kufutwa.

Kwa jeshi taabu yatoka upande mwingine. Jeshi la nchi kavu la Uingereza ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa wanagenzi katika nchi ile. Fundi wa magari wa REME, kile kikosi cha mafundi kilichoundwa mwaka 1942, hujifunza kwanza katika shule ya ufundi huko Lyneham, kisha hupelekwa kwenye kikosi chake na kuendelea na uanagenzi huko. Hapo ndipo penye mwanya. Mwalimu aliyemjua amebaki shuleni, na mkuu mpya amempokea na barua ya uhamisho isemayo jina, namba na cheo. Barua hiyo haisemi kwamba kijana huyu ni hodari wa breki lakini umeme wa gari bado wamtatiza. Ikiwa karatasi ya kikao cha mwisho imeandikwa vizuri, mkuu mpya aweza kuendelea mahali alipoishia mwenzake. Ikiwa haipo, kijana huanza upya, au, vibaya zaidi, huachiwa umeme wa gari la watu kumi kwa kudhaniwa kwamba anaujua.

Kanuni zenyewe hazina ukatili. Mwanagenzi akilazimika kuacha mafunzo kwa muda unaozidi majuma 4, kwa ugonjwa, uzazi au sababu nyingine ya kweli, aweza kukubaliana na mwajiri na chuo asimame kwa muda. Fedha husimama, na tarehe ya kumaliza husogezwa akirudi. Lakini ni nani atakayejua kwamba kijana hakusoma tangu mwezi uliopita, kama hakuna kikao? Mara nyingi ni kikao kinachofichua jambo hilo, na kikichelewa, chuo huwa kimekwisha pokea fedha ya miezi ambayo hakuna aliyefundishwa. Fedha hiyo yaweza kudaiwa irudishwe.

Hapana budi tuseme pia juu ya ugonjwa unaoipata kila kanuni njema, nao ni ugonjwa wa karatasi. Karatasi yaweza kuwa na saini tatu ilhali watu watatu hawakukutana. Mwalimu hujaza, humpelekea mwanagenzi, mwanagenzi husaini, sajini naye husaini akiwa amesimama mlangoni na kofia kichwani. Mkaguzi wa hesabu ataridhika na saini. Lakini wakaguzi wa elimu wa Ofsted, ambao tangu Aprili 2021 hukagua uanagenzi wa ngazi zote England, huzungumza na wanagenzi wenyewe. Askari asiyeweza kusema alikubaliana nini katika kikao chake cha mwisho amekwisha toa ushahidi dhidi ya karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni haziwezi kuliandika, nalo sisi twalijua kwa kuishi nalo. Ni cheo. Konstebo mgeni akikalishwa mbele ya sajini wake na kuulizwa, "Je, kuna tatizo?" atajibu, "Hapana, afande." Atajibu hivyo hata kama sajini yule ndiye anayemnyima saa za kusoma. Kwa hiyo twaona ni busara mwalimu wa chuo azungumze na mwanagenzi faraghani dakika chache kabla ya wote watatu kuketi, kisha yeye mwalimu alilete neno mezani kwa namna isiyomwaibisha mtu. Mkuu mwenye hekima hatakasirika. Kijana asemaye "sijui" mezani amempa mkuu wake nafasi ya kurekebisha. Kijana aliyenyamaza atasema "sikujua" mbele ya hakimu, au mbele ya mwenzake aliyejeruhiwa.

Mtu aweza kutuuliza, "Mambo ya England yanatuhusu nini sisi, ambao tozo hiyo hatuna wala vyuo hivyo hatuna?" Jibu letu ni kwamba fedha na vyuo ni vyao, lakini kuchelewa kwa kikao ni kwetu sote. Kila kikosi kina kijana anayefundishwa kazi: dereva, fundi wa redio, mpishi, mwuguzi, mpelelezi. Kumwandikia tarehe nne za mwaka siku anapofika hakuhitaji pauni hata moja. Kutahitaji kalenda, kalamu, na mkuu aliyeamua kwamba tarehe hizo zaheshimiwa kama zinavyoheshimiwa tarehe za kukagua silaha.

Tena mkuu huyo asisahau mambo matatu tuliyojifunza kwa wenzetu. Apange mapema kuliko kikomo, ili dharura isimvunjie utaratibu. Awakutanishe wote wanaohusika na kijana, wala asikubali habari za kuletewa. Na kila kikao kiache maandishi ambayo mkuu mwingine, akihamishwa huyu, aweza kuyasoma na kuendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na ufa wa mwanagenzi una ubaya wake: hauonekani kwa mtu apitaye nje. Waonekana kwa yule tu aliyeketi naye na kumwuliza.

Asubuhi ya kesho, katika kambi na vituo vingi, bunduki zitafunguliwa na kutazamwa kama kawaida. Ni vyema. Zikisharudishwa ghalani, afisa mwenye vijana wa kufundishwa na aitazame kalenda yake, ahesabu majuma tangu alipoketi na kila mmoja wao, na ikiwa hesabu imepita 12, asingoje Jumatatu.